Kinywa cha Karafuu

Jumapili, 5 Mei 1985

Mvua tangu alfajiri. Dena, bawabu wa shule yetu, alibisha mlango wa uani akiwa amejifunika gunia kichwani. Katika kikapu chake mlikuwa na mtoto wa mbwa, jike, rangi ya kahawia iliyokoza. Kwa hesabu yake ana majuma tisa. Walizaliwa watano, wanne wamekwisha kufa.

"Huyu nakuletea wewe uliyesoma," alisema. "Akikaa kwangu atafuata nduguze."

"Walikufa kwa nini?"

"Sijui, mwalimu. Midomo ilianza kunuka, kisha wakalala tu, kisha wakawa baridi." Alimfungua kinywa kwa kidole gumba. "Na huyu ameanza. Nusa."

Nilinusa. Ilikuwa harufu tamu na chafu kwa pamoja, kama maji ya maua yaliyosahauliwa ndani ya chupa.

Chuo kikuu nilifundishwa kwamba jambo linalotangulia jingine si lazima liwe ndilo lililolisababisha, na kila muhula nawaonya wanafunzi wangu wa historia vivyo hivyo. Midomo ilinuka, wanyama wakafa: hilo halithibitishi lolote. Hata hivyo nilimwambia Dena kwamba huyu hatakufa. Ni ahadi ya kijinga. Naiandika hapa ili nisije nikaikana.

Jumatatu, 6 Mei

Nilivuka kwenda mbele kumwomba ruhusa mwenye nyumba. Bi Harusi ni mjane, mzaliwa wa Faza. Anaishi sehemu ya mbele na mwanawe Aboud, muuza samaki wa sokoni. Mimi nimepanga vyumba viwili vya nyuma, na baina yetu kuna ukuta unaonifika kifuani, wenye mlango mdogo.

"Shikamoo, Bi Harusi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umepata mgeni."

"Nimekuja kuomba akae."

"Sina vita naye. Ni kiumbe. Lakini mate yake kwetu ni najisi; akilamba chombo, ni kukiosha mara saba, na moja katika hizo kwa udongo. Mgongo wangu huu hauna mara saba. Ukuta ule asiuvuke."

"Hatauvuka."

"Jina lake nani?"

"Bado sijampa."

Nilikuwa nimempakata ndani ya kanga, naye akapiga mwayo. Bi Harusi akaziba pua kwa ncha ya leso. "Mwite Karafuu," alisema. "Huenda kinywa kikaona haya."

Aboud alikuwa amesimama mlangoni na hakutusalimu. Ni mtu asiyependa wanyama wasioliwa.

Jumatano, 8 Mei

Kwa Phineas, msaidizi wa daktari wa mifugo. Ni mtu mfupi, mpole, mwenye makovu mikononi. Hakunusa kwanza. Aliinua mdomo wa juu, akabonyeza ufizi kwa kidole, akaachia, akangoja rangi irudi. Haikurudi, kwa kuwa haikuwapo.

"Weupe wa karatasi," alisema. "Ni minyoo. Ameinyonya katika maziwa ya mama yake, nayo sasa inamnyonya yeye."

"Na harufu?"

"Harufu ni barua, mwalimu. Mwandishi yuko tumboni."

Alimpima uzito, akamnywesha dawa, akanipa kipimo kingine cha baada ya majuma mawili. Chanjo ya kichaa cha mbwa atampa akitimiza miezi mitatu. Nduguze Karafuu huenda walikufa kwa kukosa kijiko kimoja cha dawa. Nasema huenda.

Alhamisi, 9 Mei

Minyoo imetoka. Sitaeleza.

Jumamosi, 11 Mei

Nimejiwekea kanuni. Kila asubuhi, kabla ya chai, nitanusa kinywa cha Karafuu, nitabonyeza ufizi, na kuandika nilichokiona kabla sijaanza kukifasiri.

Leo: harufu kali, ufizi mweupe, kwa mbali kuna wekundu ambao pengine nimetaka tu kuuona.

Jumatano, 15 Mei

Ufizi una wekundu hafifu, kama ndani ya pera linaloanza kuiva. Harufu ni nusu ya ile ya kwanza. Amekula uji wote na maziwa ya pakiti yatokayo Mariakani, kisha akajaribu kula pakiti.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua. Karafuu amekula sabuni. Kwa muda wa saa mbili kinywa chake kilinukia vizuri.

Jumanne, 21 Mei

Mwezi umeandama jana. Leo ni Ramadhani mosi, na adhana ya magharibi ilipokwisha, Bi Harusi alipitisha sahani juu ya ukuta: mihogo ya nazi, na juu yake kipande kinene cha nguru.

Shajara haina maana ikiwa nitaidanganya. Mimi samaki simli. Nimezaliwa milimani Murang'a. Mtoni tulikwenda kuchota maji, hatukuvua. Harufu yake naivumilia. Siuwezi mwiba: kule kutafuna ukingoja kuchomwa. Lakini futari hutolewa kwa moyo, na mwaka jana, mgeni wa miezi sita, niliona haya kukataa. Mihogo nilikula, samaki niliwapa paka wa mtaa, sahani nikairudisha nyeupe, ndani yake ndizi au sukari, kwani hapa sahani hairudi tupu. Bi Harusi alifurahi. Uongo uliokwisha kufurahiwa ni mgumu kuurekebisha.

Mwaka huu kopo la Karafuu liko karibu kuliko paka.

Ijumaa, 24 Mei

Karafuu ameongezeka uzito. Ni samaki, nadhani. Nilipokuwa nikiirudisha sahani, Bi Harusi alimtazama akilala kifudifudi penye saruji.

"Sisi tuliofunga," alisema, "tumeahidiwa kwamba harufu ya vinywa vyetu mbele ya Mola inashinda miski. Huyu wako ana kisingizio gani?"

"Siku hizi amepungua, Bi Harusi."

"Amepungua. Jana upepo uligeuka nikadhani Aboud kaleta papa mkavu nyumbani."

Jumanne, 28 Mei

Kuna harufu mpya. Si ile ya maua yaliyooza. Hii ni nzito, ya chuma na nyama. Ufizi ni mwekundu, macho maangavu, na kipimo cha pili cha dawa alikunywa Jumatano iliyopita. Kwa hiyo si minyoo. Au ni minyoo mingine. Au ni meno ya utotoni yanayolegea. Nimetaja sababu tatu, na naona nimechagua ile ya tatu kwa kuwa haidai nifanye chochote.

Alhamisi, 30 Mei

Harufu imezidi. Anajikuna mdomo kwa mguu wa mbele. Samaki wa futari alimlamba tu.

Jumamosi, 1 Juni

Anatoa udenda. Uji umebaki.

"Mbwa wako naye kafunga?" Aboud aliuliza kutoka upande wa pili. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu Karafuu aje, na hayakuwa na mzaha.

Jumatatu, 3 Juni

Niliporudi shuleni nilimkuta ameketi pembeni, kinywa wazi, taya la chini likining'inia, udenda mzito kifuani. Nilimwekea maji. Aliyasogelea, akaingiza ulimi, akarudi nyuma akilia.

Aboud aliona yote kutoka mlango mdogo. Alimvuta mama yake nyuma kwa mkono.

"Mwalimu, mfunge huyo. Sasa hivi."

"Ni mtoto tu, Aboud, ana meno—"

"Ni kichaa. Hawezi maji. Mfunge, na usimguse tena."

Nimemfunga kwenye mpapai kwa kamba ya kuanikia nguo. Kesho asubuhi naomba ruhusa shuleni na kumwita Phineas.

Jumanne, 4 Juni, saa kumi jioni

Lazima niandike kwa mpangilio.

Phineas alifika saa nane. Alisimama hatua tatu kutoka kwa Karafuu, akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu bila kunyoosha mkono. Bi Harusi na Aboud walisimama penye mlango mdogo.

"Ameumwa na mbwa mwingine?"

"Sijui. Juma la kwanza lango lilibaki wazi siku moja."

"Wewe amekuuma?"

Nilimwonyesha mikono. Ana meno kama sindano. Huuma viatu, pindo, vidole. Phineas alihesabu michubuko kwa macho.

"Akiwa na kichaa, utachomwa sindano nyingi tumboni," alisema. "Na utaanza kesho, hutangoja."

"Na kama si kichaa?"

"Taya kuning'inia kuna sababu mbili ninazozijua mimi. Moja ni hiyo. Ya pili ni kitu kilichokwama, na wengi wametia mkono kukitafuta wakajuta." Ndipo akauliza, kwa sauti ile ile ya upole: "Amekula mfupa? Mwiba wa samaki?"

Bi Harusi alikuwa akinitazama. Kwenye ukuta, karibu na kiwiko chake, ilikuwa sahani ya jana, nyeupe.

"Hapana," nilisema. "Anakula uji na maziwa."

Phineas alisimama akipangusa magoti. Amri iliyopo ni kwamba mbwa mwenye dalili hizi asiyekuwa na sababu nyingine auawe, kichwa kipelekwe kupimwa. Atakuja kesho saa mbili na mtu mwenye bunduki. Aliniomba radhi.

Nimeketi mbele ya daftari hili tangu alipoondoka. Nimejaribu kujitetea: kwamba samaki wa Bi Harusi hupikwa mpaka akalainika, kwamba mwaka jana paka walikula mwezi mzima bila madhara, kwamba mwiba haufuti uwezekano wa kichaa. Hoja hizi zote zingeweza kuwa kweli na bado nikawa mwongo. Nimeulizwa swali moja ambalo mimi peke yangu katika ua ule nilikuwa na jibu lake, nikalificha ili sahani iendelee kuonekana nyeupe.

Adhana haijafika. Ikisha, nitavuka.

Jumanne, baada ya futari

Sikuhitaji kuvuka. Bi Harusi alikuja mwenyewe hadi mlango mdogo, sahani mkononi, akijua siku ilivyokuwa.

"Kula, mwanangu. Mwenye huzuni naye hula."

"Bi Harusi, nimesema uongo mchana."

"Ulisema nini?"

"Karafuu amekula miba. Amekula samaki wako, kila siku tangu mwezi mosi. Mimi samaki siwezi kumla, naogopa mwiba. Niliona haya kukwambia."

Nilisikia mvua ikidondoka kutoka kwenye makuti.

"Sahani yangu aliilamba?"

"Hapana. Nilimimina katika kopo lake."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Bi Harusi."

"Na mwaka jana? Mbwa hakuwapo."

"Paka."

"Paka," alirudia. Aliiweka sahani juu ya ukuta taratibu. "Nimewaambia ndugu zangu wote mpaka Faza, nina mwalimu wa bara, hodari wa samaki, hata mwiba hasazi. Kumbe nalisha paka. Mtu hutoa futari apate thawabu. Yangu sijui imeandikiwa nani."

Niliiangalia sahani pale ukutani.

"Ungeniambia," alisema, "ningekukaangia mayai. Yai ni kazi gani?"

Kisha akageuka, akaita kwa sauti iliyovuka nyumba nzima: "Aboud. Chukua baiskeli, nenda kwa Phineas. Mwambie mwalimu amekumbuka. Mbwa amekula nguru, mifupa na yote. Aje na vyombo vyake kabla ya bunduki."

"Amekumbuka?" Aboud aliuliza kutoka ndani.

"Amekumbuka. Nenda."

Jumatano, 5 Juni

Jua, kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa.

Phineas alikuja na glavu nene hadi viwiko, vitanzi viwili vya kamba, na koleo dogo. Mwenye bunduki alikaa kizingitini, silaha juu ya magoti. "Mwiba haufuti kichaa," Phineas aliniambia kabla ya kuanza. "Mnyama anaweza kuwa na vyote viwili. Nikikuta kitu, tutamwangalia siku kumi. Nisipokuta, unajua."

Alitia kitanzi kimoja taya la juu, kingine la chini, miisho akaifunga kwenye mpapai, mmoja juu, mmoja chini. Kinywa kilifunguka na harufu ikatoka kama mtu aliyekuwa akingoja mlangoni. Aboud alirudi hatua mbili. "Hii si harufu," alisema, "hii ina miguu."

Phineas aliinama upande huu, akainama upande ule. "Giza. Sioni kaakaa. Mtu anipe mwanga, na asisogee karibu."

Nilikuwa nikifikiria tochi, ambayo betri zake zimekufa tangu Pasaka, mara mwanga ukaingia kinywani mwa Karafuu, mweupe, wa duara, ukitetemeka. Bi Harusi alikuwa ndani ya ua wangu. Katika mwaka mmoja na nusu niliokaa hapa hajawahi kuuvuka mlango ule. Alishika kwa mikono miwili kioo cha kabati lake, akalishika jua nacho na kulielekeza palipotakiwa.

"Kushoto kidogo, mama," alisema Phineas.

"Huko ndiko kushoto."

"Kushoto kwangu."

"Basi sema kwako."

Mwanga ulisogea, ukatulia. "Ah," alisema Phineas. "Umelala kati."

Ulikuwa mfupa mwembamba, wa ubavu wa nguru, umekwama kutoka gego la juu la upande mmoja hadi la upande wa pili, ukilikata kaakaa kama boriti katikati ya chumba. Pande zote nyama ilikuwa imevimba juu yake. Alipoushika kwa koleo Karafuu alitoa sauti ambayo sitaiandika. Ukatoka. Ukafuata usaha, kisha damu nyekundu, safi.

Alipofunguliwa vitanzi alijikung'uta mwili mzima, na mate yake yakaruka. Tone moja lilitua juu ya mkono wa Bi Harusi.

Alilitazama. Nilianza kuomba radhi.

"Nyamaza," alisema. "Aboud, ndoo."

Ndoo ilikuwa tayari upande wa pili wa mlango, na bakuli la udongo mkavu kando yake. Aliviandaa kabla ya kuja, alijua anakokwenda. Aboud alimmiminia maji, naye akaosha mkono wake, kwanza kwa udongo, akihesabu kwa sauti, bila haraka. Alipofika mara ya nne Karafuu alitambaa hadi kwenye kopo, akatia ulimi majini, akanywa. Alikunywa hadi kopo likaanza kusogea sakafuni.

"Anameza vizuri," alisema Phineas, na mwenye bunduki akasimama akiuliza, "Basi mimi niende?"

"Nenda."

"Saba," alisema Bi Harusi.

Ijumaa, 7 Juni

Bado amefungwa, siku kumi ni siku kumi. Namlisha uji kwa kijiko kilichofungwa kwenye ufito, mikono mbali. Michubuko yangu Phineas amesema tungoje, na siku yoyote Karafuu akibadilika nikimbie hospitali bila kumngoja yeye.

Aboud aliegemea ukutani jioni hii. "Mambrui, nikiwa na miaka kumi na mbili," alisema bila utangulizi, "niliona mtu akifa kwa kichaa. Aliomba maji. Alipoyaona, akalia. Ndicho nilichokiona kwa mbwa wako siku ile."

Tarehe sita Mei niliandika kwamba ni mtu asiyependa wanyama wasioliwa. Sentensi ile siifuti, ibaki kama mfano wa hukumu iliyotolewa na shahidi mmoja.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya tano. Anakula. Harufu ni ya kidonda kinachopona, nadhani. Sahani ya futari ilikuja na mayai mawili ya kukaanga.

Alhamisi, 13 Juni

Mvua. Siku ya nane. Mayai.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya kumi. Nilifungua kamba taratibu, kwani hata leo nilikuwa nimebakiza shaka moja. Karafuu alizunguka mpapai mara tatu kama aliyefungwa bado, kisha akagundua. Phineas amemchanja. Dena alipopata habari alisema, "Haya, vidzo," kama wasemavyo Wagiriama jambo likienda sawa, akanipa mahindi mawili.

Jumatano, 19 Juni

Kesho huenda ikawa Idi. Nilimwambia Bi Harusi kwamba nina ombi.

"Mayai hayatakosekana," alisema.

"Si mayai. Kesho naomba samaki. Mwenye miba."

"Nguru ana mifupa michache, mikubwa. Utaanza na huyo."

"Naomba yule mwenye mingi."

"Huyo ni tafi." Akanionyesha kwa vidole vyake namna ya kufungua nyama kutoka mgongoni kwenda chini, na namna ya kuutafuta mwiba kwa ncha ya ulimi kabla ya meno. "Na usizungumze wakati unakula. Wewe huzungumza sana hata ukiwa kimya."

Alhamisi, 20 Juni, Idi

Kinywa asubuhi: ufizi wa waridi; kaakaa limefunga; harufu ya mtoto wa mbwa aliyekunywa maziwa, basi. Sidai kujua kama nimemponya au nilimdhuru kisha nikaacha kumdhuru. Minyoo na mwiba ni mambo mawili tofauti, na la pili ni langu.

Sahani ilikuja adhuhuri: pilau, kachumbari, na tafi mzima. Nilimfungia Karafuu chumbani. Nilikula muda wa saa nzima, kimya, kwa vidole. Mara mbili nilichomwa. Mara moja nilitaka kuacha, nikasikia kucha zikikwaruza mlango, nikaendelea.

Sikuiosha sahani. Nilipanga miba yote ukingoni, mmoja baada ya mwingine, nikaweka katikati pakiti ya chai, nikavuka mlango mdogo na kumkabidhi Bi Harusi mkononi.

Aliisogeza dirishani. Aliipitia miba ile kwa kidole, polepole, kama mimi nisahihishavyo madaftari, na Aboud akichungulia begani mwake.

"Huyu," alisema, "umemla wewe."